Kona ya Nne

Jumamosi ile soko la Findlay lilifurika kana kwamba Cincinnati nzima imeamua kula soseji siku moja. Foleni ya bucha la Wajerumani ilianzia kaunta, ikatoka mlangoni, ikazunguka meza ya muuza maua. Katikati yake alisimama Renata Oberding, simu sikioni, akiongea kwa sauti ambayo yeye mwenyewe aliamini ni ndogo.

"Sikiliza. Nataka wanyanyuke kabisa kwenye viti. Sekunde moja na nusu, makalio hewani, wahisi roho inatoka. Halafu kwenye kona ya nne ndipo nawabana ubavuni... Najua wataumia tukizidisha! Ndiyo maana nasema tupunguze. Nataka walie, sitaki wavunjike mbavu."

Bibi mmoja aliyekuwa mbele yake, mwenye kikapu cha vitunguu, aligeuka polepole akamkagua kuanzia utosini hadi kwenye viatu. Aliona mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, koti la sufu rangi ya haradali, nywele nyekundu zilizofungwa ovyo na kushikizwa kwa penseli. Hakufanana na muuaji, lakini siku hizi nani ajuaye.

"Usiogope, mama," sauti ya kiume ilisema kutoka nyuma. "Hauawi mtu hapo. Wanakata tiketi wenyewe, wanapanga foleni saa mbili nzima, na wakishuka wanarudi tena."

"Kina nani hao?"

"Wapanda milima ya mbao. Zile treni za kwenye bustani za michezo, zinazovutwa juu kisha zinaachiliwa ziporomoke. Huyu dada anazisanifu."

Renata alikata simu akageuka. Alikutana na kifua kipana ndani ya shati la miraba, akalazimika kuinua macho ndipo aufikie uso. Mwanamume huyo alikuwa na kofia iliyopauka kwa jua, na unga wa mbao ulikuwa umemkaa kwenye nyusi kama chumvi.

"Wewe umejuaje?"

"Mtu mwingine anayehesabu makalio hewani kwa sekunde simjui. Naitwa Clovis Tackett. Wiki hii nimeajiriwa kuwa msimamizi wa maseremala pale Sycamore Bend."

"Tackett?" Renata alishika kiuno. "Waliniambia Tackett ni mzee."

"Na mimi waliniambia mhandisi ni mwanamume."

"Kwa hiyo sote tumedanganywa."

"Mimi sijakasirika," alisema Clovis.

Renata alijikuta anatabasamu kabla hajajiruhusu. Bibi wa vitunguu aliwatazama wote wawili, akatikisa kichwa, akasema, "Nunueni nyama basi, foleni inasonga." Wakanunua goetta, ile nyama ya Kijerumani iliyochanganywa na shayiri, wakaila imekaangwa, wamesimama kando ya ukuta huku mafuta yakiwachuruzika vidoleni. Walipokuja kushtuka, wachuuzi walikuwa wanafunga meza zao.

Huo ulikuwa mwezi wa Oktoba. Novemba ujenzi ukaanza, kwenye shamba la zamani kandokando ya Mto Ohio, ambako bustani ya Sycamore Bend ilikuwa imeamua kusimamisha mlima wa mbao wa futi mia moja na kumi, jina lake Kunguru.

Renata alikuwa ameufanyia kazi mlima ule miaka miwili katika kampuni ya usanifu ya Bwana Hollis Prewitt, mjini kati. Hakuanza kwa kuchora reli. Alianza kwa kuchora njia ambayo kifua cha abiria kingepita angani: kipande wapi, kizame wapi, kilale kwa pembe gani kwenye kona ili mwili usitupwe pembeni kama gunia. Reli ilifuata kifua, nguzo zikafuata reli, na misingi ya zege ikafuata nguzo. Watu walipomuuliza kwa nini mbao wakati chuma kipo, aliwajibu kwamba chuma humpitisha mtu kwenye kona, lakini mbao humfanya aisikie kona yenyewe. Mlima wa mbao hutikisika. Umeundwa utikisike. Fundi anayejenga mlima wa mbao usiotikisika anajenga kitu kitakachopasuka.

Michoro yake iligeuka mbao mikononi mwa Clovis. Kila reli ilikuwa na tabaka nane za msonobari, moja juu ya nyingine, zimekunjwa kufuata kona na kupangwa ili maungio yao yasikutane. Juu kabisa ulilazwa ukanda wa chuma wa kupitia magurudumu. Magurudumu mengine yalishika reli ubavuni na mengine kwa chini, ili treni ikitaka kuruka, ishindwe. Hewa ya pale ilinuka utomvu na dawa ya mbao, na baridi ya mto iliingia hadi kwenye meno.

"Mhandisi!" Clovis alikuwa akimwita kutoka juu. "Hii namba kwenye mchoro wako, ni saba au moja?"

"Saba!"

"Walimu wako hawakukufundisha mwandiko?"

"Walinifundisha subira, Fundi, na sasa inaniisha!"

Vijembe hivyo vilizoeleka hadi mafundi wengine wakawa wanavisubiri kama chai ya saa nne. Hakuna aliyeshangaa siku walipoonekana wawili hao wakitoka pamoja, Renata amevaa gauni la kijani kibichi lililomkaa vizuri kiunoni, na Clovis amepiga pasi shati kwa mara ya kwanza tangu ajulikane. Walikwenda kula tambi za nyama yenye mdalasini, zilizofunikwa kilima cha jibini. Clovis alifunga leso shingoni kama mtoto.

"Watu wa kwenu Kentucky hamjui kula hii," Renata alimtania.

"Watu wa kwetu tunajua chakula. Hii ni ajali ya jikoni."

"Mbona sahani yako nyeupe?"

"Nilikuwa nasafisha eneo la ajali."

Clovis aliishi Covington, ng'ambo ya mto. Renata aliishi ghorofa ya tatu juu ya kilima upande wa pili, na usiku taa za madaraja zilikuwa katikati yao. Simu ikawa daraja la kwao wenyewe. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Nimekula maneno yako." "Basi una njaa." Mazungumzo yasiyo na uzito, ambayo mtu akiyakosa siku moja anaona nyumba imekuwa kubwa mno.

Ni kwenye simu hizo ndipo Clovis alipomsimulia jambo ambalo hakuwa mwepesi wa kulisema. Baba yake alipofariki, yeye akiwa na miaka kumi na sita, aliacha shule akashika nyundo ili mama na dada yake wale. Hakurudi tena darasani. Hadi leo, akikaa kwenye kikao na watu wenye vyeti, huficha mikono chini ya meza.

"Mikono hiyo hiyo inayonijengea mlima?" Renata alimuuliza.

"Hiyo hiyo."

"Usiifiche tena."

Kutoka upande wa pili wa mto Clovis akasema, "Asante, Renata." Hakumwita Mhandisi.

Mwezi wa Mei treni ilianza kujaribiwa. Badala ya watu, vitini walifungwa wanasesere wa plastiki waliojazwa maji, wenye uzito wa mtu mzima. Treni ilipanda kwa mnyororo, ta-ta-ta-ta, ikanyamaza kileleni, kisha ikaporomoka kwa mngurumo uliosikika hadi kwenye mashua mtoni. Ilizunguka mara mia, mara mia mbili. Vipimo vyote vilikuwa sawasawa na hesabu za Renata. Bwana Prewitt alimkumbatia mbele ya wafanyakazi.

Lakini kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla ya treni yoyote kutoka, Clovis alitembea njia nzima kwa miguu, nyundo ndogo mkononi, akigonga bolti moja baada ya nyingine na kusikiliza inavyoitika. Hiyo ndiyo kanuni ya milima ya mbao kila mahali. Na kwenye kona ya nne, ile iliyopinda kandokando ya mto, bolti zilianza kumjibu vibaya.

"Bolti sita zimelegea kona ya nne," alimwambia Renata Jumatano. "Nimezikaza."

"Mbao mpya hulegeza bolti, Fundi. Zinakauka, zinasinyaa. Kawaida."

Alhamisi: "Zilezile sita. Na nyingine nne."

Renata alifungua hesabu zake tena, akazipitia mstari kwa mstari. "Bado tuko mbali na hatari. Nimepiga hesabu mara mbili. Kaza tena, mpenzi. Keshokutwa tunafungua, mama yangu ameshanunua kofia."

"Sawa," alisema Clovis. "Nitaitazama."

Jumamosi ya ufunguzi jua lilitoka safi. Kufikia saa nne watu elfu nne walikuwa getini, bendi ya tarumbeta inapiga, watoto wamebebwa mabegani. Renata alifika akiwa amevaa gauni jeupe lenye maua madogo ya buluu, viatu vya kisigino ambavyo hakuvizoea, na wazazi wake nyuma. Alimtafuta Clovis kwa macho ili ampungie. Badala yake alikuta mnyororo umefungwa kwenye ngazi za kituo cha treni, na Bwana Prewitt amesimama hapo, uso umemwiva.

"Muulize huyu seremala wako," alisema.

Clovis alisimama kando, daftari la ukaguzi mkononi. Alikuwa ameandika neno moja kwenye ukurasa wa siku ile: *Isifunguliwe*. Neno hilo likishaandikwa na mkaguzi wa asubuhi, nakala yake huenda kwa serikali, na hakuna mwenye bustani wala mhandisi anayeweza kulifuta kwa kalamu yake.

"Clovis? Umefanya nini?"

"Nati moja ya kona ya nne imezunguka kwa vidole vyangu, Renata. Vidole, bila spana. Na boriti imeachana na nguzo. Mwanya mdogo, lakini upo."

"Saa ngapi umeona?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Saa kumi na mbili na nusu! Na namba yangu unayo! Nimekupigia mara tatu asubuhi hii, umezima!"

"Nilizima."

"Kwa nini?"

Mikono ya Clovis ilishuka na daftari, ikapotea nyuma ya mgongo wake. Nyuma yao bendi ilikuwa bado inapiga, mama yake Renata ameshika kofia yake mpya isipeperushwe, na watu wa magazeti wanasogea na kamera. Renata alihisi miaka miwili ya kazi yake ikimwagika chini mbele ya kila mtu aliyempenda. Akatafuta neno la kumuumiza, na kwa kuwa alimjua, akalipata.

"Hesabu zimepigwa na watu waliosoma," alisema. "Wewe kazi yako kugonga misumari, si kufikiri."

Pale pale alitamani kulirudisha mdomoni. Clovis alimtazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayehakikisha kama amesikia vizuri. Kisha akafungua mkanda wake wa zana, akauweka taratibu juu ya benchi, akapita katikati ya watu elfu nne akaondoka.

Siku iliyofuata Bwana Prewitt alileta mafundi wengine. Wakakaza bolti zote, wakapima, wakaandika kwamba kila kitu ni imara. Mpango ulikuwa kumwonyesha mkaguzi wa serikali ripoti ile Jumanne na kufungua Jumamosi.

Jumatatu alfajiri Renata alipanda mwenyewe. Nia yake, tusimfichie, haikuwa njema. Alitaka kuthibitisha kwamba Clovis amekosea, ili kosa lake yeye la kinywa lipungue uzito. Alivaa buti na suruali ya kazi, akajifunga mkanda wa usalama, akapanda kwenye ujia mwembamba wa kona ya nne, futi sitini juu ya ardhi. Hakuwa amewahi kusimama hapo treni ikipita. Alikuwa amekaa miaka tisa kwenye kazi hii akiitazama milima yake kwenye kioo cha kompyuta na kutoka chini.

Alipafikia mahali boriti ilipokutana na nguzo ya ndani. Mwanya haukuonekana, bolti zilikuwa zimekazwa jana. Alitoa kadi yake ya kazi mfukoni akaisukuma kwenye maungio. Haikuingia, akaendelea kuikandamiza hapo kwa kidole. Akapumua. Akamwita mwendeshaji kwa redio: "Leta treni."

Mlima ulianza kuunguruma kwa mbali. Kisha mbao zote zilizomzunguka zikainama upande mmoja, kama umati unaompisha mfalme, na treni ikapita mbele ya uso wake na wanasesere wake wa maji wakiwa wameegemea ubavu. Upepo wake ulimkandamiza kwenye ngazi. Alipofumbua macho, kadi ilikuwa imezama nusu ndani ya maungio. Treni ya pili ilipopita, ikatumbukia yote.

Alishuka, akachukua kipima unyevu, akaanza kuzigusa nguzo moja moja. Nguzo za nje zilisimama kwenye kivuli cha mikuyu, na ukungu wa mto uliziosha kila asubuhi. Zilikuwa mbichi, unyevu asilimia ishirini na saba. Nguzo za ndani zilipigwa na jua tangu asubuhi hadi jioni. Zilikuwa kavu, asilimia kumi na tatu. Za ndani zilikuwa zinasinyaa na za nje bado. Kona nzima ilikuwa inajivuta yenyewe kwa pande mbili, na ungeweza kukaza bolti kila siku hadi Krismasi.

Kwenye hesabu zake, ukurasa wa arobaini na moja, Renata alikuwa ameandika unyevu wa aina moja kwa mlima mzima. Kumi na tisa. Namba nadhifu. Hakuna aliyempa namba ile, aliichagua mwenyewe.

Alikaa kwenye benchi la kituo akilia bila sauti, kwa muda ambao treni ingezunguka mara tano. Ripoti ya mafundi wa Bwana Prewitt ilikuwa imeshapigwa muhuri. Akinyamaza, pengine msimu ungepita salama. Pengine.

Akapiga simu.

"Bwana Prewitt, kona ya nne ni mbovu, na kosa ni langu. Lipo kwenye hesabu, ukurasa wa arobaini na moja. Namwandikia mkaguzi sasa hivi."

"Renata, subiri, njoo ofisini kwanza tuzungumze..."

"Tukizungumza utanishawishi. Wewe ni mzuri sana wa kushawishi. Nakutumia nakala."

Mlima ulifungwa hadi Agosti. Gazeti la mji liliandika jina lake kamili. Bwana Prewitt hakumfukuza, lakini alimwondoa kwenye uongozi wa kazi, akampa meza karibu na mashine ya kunakili. Renata aliipokea meza ile. Kutwa nzima alichora upya kona ya nne: sahani za chuma kwenye maungio, pete za meno zinazouma boriti na nguzo pamoja ili mzigo usitegemee bolti peke yake, na mihimili ya mshazari upande wa jua. Jioni alimpigia Clovis. Simu iliita hadi ikachoka. Siku ya kumi na moja ikapokewa na mwanamke.

"Haloo? Naomba kuzungumza na Clovis."

"Clovis hayupo, ameacha simu kwangu kwa makusudi. Mimi ni Arlette, dada yake. Wewe nani?"

"Renata."

"Aha. Wewe ndiye wa misumari."

Renata alifumba macho. "Ndiye mimi."

"Unajua huyu kaka yangu aliacha shule ili mimi nisome? Leo mimi ni muuguzi. Nikitaka kuhesabu dozi ya mgonjwa na kichwa kimechoka, nampigia yeye."

"Hilo la dozi sikulijua. Lakini hata bila kulijua, sikuwa na haki ya kusema vile. Arlette, sitaki unitetee. Niambie tu yuko wapi."

Arlette alivuta pumzi. "Yuko Pennsylvania, kando ya Ziwa Erie. Kuna mlima wa mbao wa miaka mia, anaubadilisha reli. Ukienda, usiende na maua. Hapendi drama."

Alikwenda bila maua. Aliendesha gari kwa saa tano, mvua ikimwagika njia nzima na kuisha alipofika ziwani. Bustani ilikuwa imefungwa kwa matengenezo. Clovis alikuwa juu, peke yake kwenye mteremko wa pili, amepiga magoti kwenye mbao za kijivu zilizoota kuvu. Alimwona akipanda. Hakumwita, hakumkataza.

Renata alifika, akajifunga mkanda, akakaa umbali wa hatua tatu.

"Ulikuwa sahihi," alisema. "Nguzo za ndani zinakauka, za nje haziko hivyo. Nilitumia namba moja kwa zote. Nimewaambia wote."

"Nimesikia." Aling'oa msumari wenye kutu, akautupa ndooni. "Nimesikia pia umepewa meza kwenye mashine ya kunakili. Kama umefanya hivyo kwa ajili yangu, umenikosea mara ya pili."

"Sikufanya kwa ajili yako. Nilifanya kwa ajili ya watu elfu nne waliokuwa getini. Wewe nimekuja kukuomba msamaha, na hilo ni jambo lingine."

Nyundo ilisimama.

"Lile neno," Clovis alisema polepole. "Ningelisikia kwa Prewitt, nisingelala nalo hata siku moja. Lakini wewe ulijua. Nilikusimulia mwenyewe."

"Nilijua."

"Kwa hiyo halikukuponyoka."

Angeweza kusema lilimponyoka. Alikuwa amelifanyia mazoezi ndani ya gari, saa tano nzima: hasira, kamera, mama na kofia yake. Alitazama mikono yake.

"Halikuniponyoka. Nililichagua. Nilitafuta mahali pa kukuumiza, nikapajua kwa sababu ulinionyesha kwa kuniamini. Hilo ndilo baya zaidi nililowahi kumfanyia mtu. Sina kisingizio, Clovis."

Ziwa lilikuwa limetulia chini yao, rangi ya bati. Clovis aligonga bolti moja, akasikiliza, akagonga nyingine.

"Uliniuliza kwa nini nilizima simu."

"Ndiyo."

"Ningeiacha wazi, ungepiga. Ungesema, 'Fundi, nimehesabu mara mbili, kaza tena.' Na mimi ningekaza tena, Renata. Ningesikia sauti yako, nisingeandika lile neno. Ndivyo ninavyokupenda, na ndiyo maana asubuhi ile sikutaka kukusikia."

Machozi yalimshuka Renata na hakuyafuta. Clovis hakumkumbatia. Alichukua nyundo ndogo ya pili kutoka kwenye ndoo, akamsogezea kwenye mbao.

"Upande wako kuna bolti arobaini hadi chini. Gonga, sikiliza. Nzima inaita kama kengele. Mbovu inaita kama kikombe chenye ufa. Usiharakishe."

Walishuka mteremko ule wakigonga, Clovis kushoto na Renata kulia. Ilichukua saa mbili. Renata alipata mbovu tatu. Clovis alirudia kuzigonga zote tatu, akaafiki mbili.

Walipofika chini alivua glavu. "Sijamaliza kuumia," alisema. "Nikikuambia nimemaliza nitakuwa nakudanganya."

"Nitasubiri."

"Usisubiri umekaa. Nitumie michoro ya kona ya nne. Nataka kuiona kabla hawajamkabidhi fundi mwingine akaiharibu."

Akamtumia. Siku mbili baadaye simu yake iliita akiwa kwenye meza ya mashine ya kunakili.

"Mhandisi, hii pete ya meno umeiweka karibu mno na ukingo wa boriti. Itapasua mbao."

"Nisogeze inchi ngapi?"

"Mbili."

"Nimeandika. Kitu kingine?"

"Umekula?"

Renata alifunika uso kwa mkono mmoja. "Bado."

"Kale basi."

Julai Clovis alirudi Sycamore Bend, kwa sharti lake mwenyewe: maseremala wakae kwenye kikao kimoja na wahandisi tangu mstari wa kwanza wa mchoro. Bwana Prewitt alikubali, maana mkaguzi wa serikali alikuwa ameshasema hatakanyaga pale kama Tackett hayupo. Walifungua maungio hamsini na mbili ya kona ya nne, wakayafunga upya, na kila jioni wakapima unyevu wa kila nguzo, upande wa jua na upande wa kivuli, kila moja na namba yake.

Kunguru alifunguliwa Jumamosi ya tatu ya Agosti. Hapakuwa na bendi. Watu walikuja wachache kuliko mara ya kwanza, wakiwa na shaka usoni, lakini walikuja. Renata aliombwa apande treni ya kwanza, akakataa kwa adabu. Alishuka chini ya mikuyu, mahali pa kuitazama kona ya nne kwa chini, akiwa na suruali ya kazi na blauzi ya pamba iliyolowa jasho mgongoni. Clovis alikuwa ameshafika. Walisimama bega kwa bega.

Mnyororo uliita. Kimya cha kileleni. Kisha mlima ukaanza kuunguruma, na safari hii ndani ya mngurumo mlikuwa na sauti za watu. Treni iliingia kwenye kona, nguzo zikainama kidogo, zikaupokea mzigo, zikarudi. Nyuso ishirini na nne zilipita juu yao, midomo wazi, mikono hewani. Clovis aliinamia sikio la Renata akasema kitu.

"Unasemaje?"

Alisema tena, lakini watu walikuwa wanapiga mayowe kwenye mteremko wa tano.

"Sikusikii!"

"Nimesema nataka kukuoa!" Clovis alipaza sauti, na bahati ilivyo, ndipo treni iliposhika breki na bustani ikawa kimya. Mama mmoja mwenye mtoto aligeuka. Mafundi wawili waliokuwa wameketi kwenye uzio wakaacha kutafuna.

Clovis alikuwa mwekundu hadi shingoni. Mikono yake, iliyojaa makovu, ilining'inia wazi mbele ya kila mtu, na hakuificha.

"Nilisikia tangu mara ya kwanza," Renata alisema kwa sauti ndogo.

"Sasa mbona umeniacha nipige kelele mbele za watu?"

"Nilitaka kulisikia mara tatu. Nilipokuwa nakupigia na simu haipokewi, nilidhani sitalisikia hata mara moja."

"Na jibu?"

Juu yao mnyororo ulianza tena kuvuta treni ya pili. Renata aliishika ile mikono miwili, akaileta kifuani kwake, akasubiri mngurumo upite, kwa kuwa hakutaka neno hili lipotee.

"Ndiyo," alisema.